Miguu ya Zege ya Kabini ya Wanawake

Ninyi wasichana mnaorithi ndoo yangu na mpira wangu wa maji, haya nawaandikia ninyi. Yasomeni mkiwa mmekaa chini, maana mtu akisoma amesimama huwa anatafuta njia ya kuondoka. Mimi shule niliishia darasa la nne kule Mwatate, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Habari za mshahara sitaandika, mnaujua. Habari za kupanda cheo pia hamtazikuta. Nilikuja mpika chai na naondoka mpika chai. Kitu pekee nilichowahi kuona kikipandishwa pale kazini ni kabini, na hizo zilipandishwa na kreni.

Nilifika Doha nikiwa tayari naitwa nyanya. Ajenti alikuwa ameniambia nitapika chai ofisini, na mimi nikawazia ofisi ya ghorofa yenye lifti. Gari lililotuchukua uwanja wa ndege lilipita yale majumba marefu, likayaacha nyuma, likapita Al Rayyan, likaendelea mpaka lami ikaisha. Hapo ndipo palikuwa na yadi. Uwanja wa vumbi, ua wa mabati, na masanduku meupe yamepangwa kama makopo dukani. Hizo ndizo kabini. Nyumba nzima, ina madirisha, taa na mashine ya baridi, unaipakia kwenye lori unaipeleka unakotaka: kibanda cha askari wa lango, ofisi ya injinia, chumba cha kulala watu wa shamba. Kazi ya kampuni yetu ilikuwa kumwaga miguu ya zege, kuikalisha kabini juu yake, na shughuli ya mteja ikiisha, kuinyanyua na kwenda nayo kwingine. Nyumba inahama, miguu inabaki mchangani. Siku ya kwanza nilipoelezwa hivyo nilifikiri nimesikia vibaya. Kwetu mtu akibaki na msingi mtupu bila nyumba, watu huja na matanga. Huku ndiyo ilikuwa biashara.

Siku hiyohiyo nilikutana na Fundi Mwachiru. Alikuwa Mdigo wa Kwale, mfupi, kichwa cheupe kwa mvi na vumbi, usijue kipi ni kipi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa miguu ya zege, na msaidizi wake alikuwa amelazwa kwa joto. Nilipowapelekea chai nilimkuta amesimama ameshika ncha moja ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha nyingine imelala chini.

"Mama, tua birika, nishikie hapo."

Nikamwambia mimi nimeandikwa chai.

"Chai itangoja. Na ukishika usinitazame mimi, mimi si mzuri. Tazama maji."

Nikashika. Mpira ule umejazwa maji. Ukiinua ncha zake mbili, maji hukaa kimo kimoja huku na huku, hata katikati pawe na lori. Palipo na maji unatia alama ya penseli, na hapo ndipo kichwa cha mguu wa zege kitakapofika. Hakina betri kifaa hicho, wala hakiharibiki, ila kina adui mmoja, povu. Povu likiingia ndani, maji yanasema uongo, na yanausema kwa uso mkavu. Kwa hiyo kabla ya kupima, upitishieni macho mpira wote toka mwanzo hadi mwisho, mkiupigapiga kwa kidole. Msaidizi wa Fundi hakurudi, wala hakuletwa mwingine, na mimi nikabaki mtu wa ncha ya pili. Chai nikawa naipika alfajiri.

Ardhi ya yadi ile, kama nyingi za huku, ni ya chumvi. Juu ni ngumu kama chapati ya jana; chini ni laini, na ile mvua moja ya mwaka ikinyesha inakuwa uji. Zege halimwagwi juu yake. Mnachimba mpaka ile laini iishe, mnajaza kifusi kidogokidogo, mnakinyunyizia, mnakishindilia kwa mashine mpaka mkikipiga kwa kisigino, kisigino ndicho kinachouma. Kisha karatasi ya nailoni, chumvi isipande. Nondo zinakalia vijiwe vya simiti, zisiguse udongo wala mbao. Kabla ya kumwaga, pimeni pembe kwa pembe, kimsalaba. Vipimo viwili visipolingana, rudini mkavute kamba upya. Zege likishakomaa, ubavu wake unapakwa lami, kisha yote hayo yanafukiwa. Hakuna atakayekuja kuyaona, na ndiyo sababu watu hawayafanyi.

Baada ya kumwaga ndipo kazi yangu hasa ilipoanza, kulinywesha zege maji. Wanaume hawakuitaka. Walisema kumwagilia ni kazi ya mwanamke, na mimi sikubishana. Nimemwagilia sukuma wiki maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuzikuta zimenyauka. Kiangazi zege humwagwa kabla jua halijatoka, limetiwa barafu, na bado jua likipanda kidogo linaanza kukunja uso. Unalifunika magunia mabichi, juu ya magunia nailoni, na unarudi, unarudi, unarudi, wiki nzima. Watu husema zege linakauka. Zege linakomaa. Likikauka kabla ya kukomaa limekufa, ila kwa macho humjui maiti. Mtamjua siku ya mzigo. Na maji yawe matamu, ya boza, lile lori la maji. Yakija mengine, onjeni kwa ulimi. Mimi nimeonja mengi, na tumbo langu lina habari zake.

Fundi alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kwao, nasi tukaishika: kabini haikalii miguu ambayo haijanywewa chai. Miguu ikishakomaa tunakusanyika, naleta karak, ile chai ya maziwa na iliki ya huku. Fundi anaweka kikombe juu ya mguu wa kwanza, anakijaza hapohapo mpaka chai inavimba juu ya mdomo wa kikombe, anachuchumaa, anakitazama kwa jicho moja. Kikimwagikia upande mmoja, upande huo una makosa na mwiko unarudi kazini. Kisipomwagika anahamia mguu wa pili. Mwishoni anakinywa yeye, nasi tunakunywa vyetu. Alisema aliyemfundisha kazi kule Kwale hakuruhusu ukuta upande kabla watu hawajakaa juu ya msingi wakanywa kitu, na wote walio karibu waalikwe, maana msingi walionyimwa watu, watu huja kuudai. Mimi moyoni niliona ni kupoteza muda tu. Lakini yeye alikuwa fundi na mimi nilikuwa birika.

Sasa nije kwetu. Sisi wanawake, wasafishaji na wapishi, tulilala kabini moja kuukuu nyuma ya yadi. Kampuni iliyokalisha kabini za watu kote Doha ilikuwa imeikalisha yetu juu ya matofali makavu, yamepangwa tu juu ya chumvi. Kinyozi hajinyoi. Matofali yalizama, moja likazidi mengine, kabini ikapinda kama mtu mwenye kiuno kibovu. Ukiweka chungwa sakafuni linabingirika lenyewe mpaka ukutani. Hilo tungelivumilia. Lakini fremu ya mlango nayo ilipinda, na ulimi wa kitasa haukufika tena kwenye tundu lake. Mlango ukawa haufungi. Unausukuma, unatulia kidogo, kisha unafunguka wenyewe, polepole, kama mtu anayechungulia.

Yadi ilikuwa na wanaume wengi, na wengi wao watu wazuri. Wengi si wote. Asubuhi moja, baada ya upepo wa vumbi, Nalubega alikuta alama ya buti la mwanaume ndani ya kizingiti. Moja tu. Aliyeiacha aliingia hatua moja akasimama, na sisi tumelala. Nalubega alikuwa Mganda wa Masaka, mdogo kuliko sote, mwingi wa mzaha, na aliniita Jaja, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Siku hiyo hakutania mtu. Tangu hapo tukawa tunaegemeza pipa la maji mlangoni, na yeye akawa analala na viatu miguuni.

Nilikwenda kwa Mudir, ndivyo tulivyomwita meneja wa yadi. Alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema italetwa kabini mpya, bukra, inshallah. Bukra ni kesho, na kesho hiyo sikuiona. Nikarudi, akaniuliza habari za wajukuu. Nikarudi tena, akatuma mtu atie mafuta kwenye bawaba. Sasa mlango ukawa unafunguka bila hata kulia.

Nikamwambia Fundi. Hakunipa pole. Alikuja Ijumaa, siku ya mapumziko, akajilaza kifudifudi chini ya kabini na tochi, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Kitasa hakina makosa, Mama Mghoi. Mlango hauna makosa. Hata kabini yenyewe haina makosa. Haina pa kukanyaga."

Mpango wake ulikuwa huu. Kando yetu palikuwa na kiwanja kitupu. Tuchimbe pale mashimo ya miguu mipya, na lori la zege likirudi na masalio kutoka kazini, badala ya kuyatupa jalalani litumwagie sisi. Miguu ikitimia, kreni ya yadi itainyanyua kabini yetu na kuisogeza pale. Akaenda kumwomba Mudir hayo masalio. Mudir akasema chukueni, ni takataka. Kwa hiyo asije mtu akawaambia tuliiba.

Tulichimba siku za Ijumaa, Fundi akishatoka msikitini na sisi tukishatoka kanisani, maana huku kanisa nalo ni Ijumaa. Yeye alipiga kamba, wanawake tukachimba. Nalubega alisema akirudi Masaka wakamuuliza Doha alifanya nini, atajibu alichimba makaburi, maana mashimo yale hayakuwa na sura nyingine. "Jaja, wewe chagua lako mapema," akaniambia, "chukua lile la kivulini." Nikamwambia achimbe na afunge mdomo. Alichimba.

Masalio hayaji kwa mpango. Leo lori linarudi tupu, kesho tupu, keshokutwa linarudi na kiasi cha mguu mmoja na tunakimbia na makoleo. Kila mguu niliunywesha wiki yake, ikawa kwa miezi nina miguu ya umri mbalimbali kama watoto wa nyumba moja, huyu mchanga, yule anatambaa, yule keshakua. Sijawahi kumwagilia kitu kwa moyo namna ile. Niliikogesha hiyo kabla ya kuoga mimi. Nalubega akipita alikuwa anaugonga mguu kwa kijiko, anatega sikio.

"Jaja, umekomaa?"

"Bado."

"Yote ikikomaa nivue viatu?"

"Yote ikikomaa uvue viatu."

Mguu wa mwisho ulipokomaa, Fundi akasema chai. Mimi nilitaka kabini ikae kwanza, chai baadaye. Hakukubali. Tena akasema Mudir aalikwe.

"Wa nini huyo, Fundi?"

"Yadi ni yake na zege katupa yeye. Tukinywa bila yeye tumeficha kitu. Sijafika umri huu nikanywe chai kwa kujificha."

Hiyo ndiyo adabu ya kwao, na ya kwetu ni hiyohiyo: mkubwa haachwi nje ya chai. Watu wa mahali pengine wangefunga mlango wao kwanza, wakaalika baadaye.

Mudir alikuja na viatu safi, akikanyaga kwa uangalifu. Fundi akaweka kikombe kwenye mguu wa kwanza, akakijaza mpaka kikavimba. Hakikumwagika. Akahamia wa pili, akahamia wa tatu. Nalubega alikuwa anahesabu kwa Kiganda kwa sauti na kupiga makofi kila mguu ukipita. Kwenye mguu wa mwisho Mudir alichuchumaa mwenyewe. Akakitazama kikombe, akaitazama safu yote ya miguu, akasimama. Waliongea kile Kiarabu cha kazini. Nawaandikia maana yake.

"Mashallah, Fundi. Hata kwa wateja sijaona kazi safi hivi."

"Shukran, Mudir."

"Hapa tutaweka ofisi mpya ya wageni. Nilikuwa natafuta mahali."

Fundi akamwambia, kwa heshima, kwamba pale ni pa wanawake. Mudir akasema anajua, na wanawake watapata yao, ila wanawake hawana haraka, wateja ndio wenye haraka. Alisema kwa wema kabisa, kama anayetusifu. Akamaliza chai, akanirudishia kikombe mkononi, akanishukuru.

Wiki hiyohiyo lori likaleta kabini mpya, vioo vyake bado vina nailoni. Kreni ikaishusha. Ilikaa bila kutiwa hata kabari moja. Fundi alikuwa ameshika mwiko, sijui aliubeba wa nini. Aliuchovya kwenye ndoo akauosha, na haukuwa na hata chembe ya zege, akaufuta kwa shati lake, akaondoka. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiita watu chai. Miguu aliendelea kuimwaga, sawasawa kama siku zote, lakini ya kupimiwa kikombe ikaisha.

Nalubega alingoja kidogo, kisha akaomba kazi ya nyumbani, akapelekwa kwa familia moja kule The Pearl, kwenye kisiwa cha kutengenezwa baharini. Alinipigia mara moja. Nikamuuliza kukoje.

"Kuzuri, Jaja. Mlango wa huku unafunga sana."

"Basi lala bila viatu."

"Ufunguo anao madam," akasema, akacheka kile kicheko chake, ila kilikatika njiani. Baada ya hapo simu yake haikuingia tena. Nimeuliza Waganda wote niliokutana nao kanisani. Wengine wanasema alirudi kwao, wengine hawamjui. Bado nauliza, lakini siku hizi nauliza kama mtu anayesalimia.

Fundi naye magoti yakamshinda. Siku aliyoondoka aliniletea mpira umeviringishwa vizuri, akasema, "Maji hayakutudanganya hata siku moja, Mama Mghoi." Niliona anataka kulia, na mimi si mtu wa kumshika mtu mzima anayelia. Nikamfungia chapati za njiani. Mwaka uliofuata nikasikia amefariki Kwale. Sikuuliza kama nyumba yake ilikuwa na msingi.

Ofisi ile ya wageni nilipewa mimi niisafishe na kuipelekea chai. Nimeifagia miaka. Ndani yake chungwa lingekaa popote utakapoliweka. Kila jioni nilifunga mlango wake kwa kidole kimoja, kitasa kikasema tk, kisha nikaenda kwetu nikasukuma pipa. Wasichana walikuja, wakaenda. Kila mmoja nilimwonyesha pipa kabla ya kumwonyesha kitanda. Ninyi mnajua, niliwaonyesha.

Mwaka huu yule aliyeikodisha kampuni ardhi ya yadi akaitaka ardhi yake, na sharti lilikuwa irudishwe tupu. Ofisi ikanyanyuliwa ikaenda zake. Miguu ikabaki juani, pembe zake kali kama siku tuliyotoa mbao. Nikaenda kwa Mudir mara ya mwisho, nikamwomba katika siku zile chache zilizobaki atukalishie yetu pale. Akasema, "Mama, kitu cha kuvunjwa nikiwekee nyumba?" Alikuwa na haki. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba safari hii alikuwa na haki.

Wakaja vijana wawili na mashine ya kupasulia. Walidhani ni kazi ya asubuhi. Jioni ilipoingia walikuwa wamevunja ncha ya mashine, na miguu mingi imesimama. Kesho yake wakarudi. Nikawapelekea chai. Mmoja, kijana wa Nairobi kwa usemi wake, alikuwa amekaa juu ya kipande cha zege akijisugua viganja.

"Mathe, nani alimwaga hii kitu? Alikuwa anatuchukia ama?"

Nikamwambia sijui. Tangu Mudir aliponirudishia kikombe, hilo ndilo neno pekee nililowahi kusikia mtu akisema juu ya miguu ile. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha, na nyuma yangu mashine ikaanza tena.

Kabini yetu ilihamishwa mwisho kabisa. Hapa tulipo sasa mnapaona wenyewe. Imekalia matofali yaleyale makavu, nayajua, moja lina rangi ya buluu. Ardhi ni ya chumvi, nimeionja. Nilisema, nikajibiwa bukra. Usiku wa kwanza mlango ulifunguka kabla sijamaliza kusali.

Mpira nawaachia, uko chini ya kitanda changu. Msiukunje, uviringisheni. Siwezi kuwaahidi kwamba utawafaa kitu, maana mimi nimepima sawasawa na Fundi amepima sawasawa, na mmeona tulipolala. Pipa lilipasuka njiani. Kwa hiyo nimegongomea msumari wa nondo juu ya kizingiti, na kamba nimeifunga hapo, ncha yake inafungwa kwenye kitasa. Fundo ni lile la kufungia mbuzi kwetu, mlango ukisukumwa kutoka nje linazidi kukaza. Kabla gari la uwanja wa ndege halijaja kunichukua, kila mmoja wenu atalifunga mbele yangu. Kwanza mkilitazama, kisha mkiwa mmefumba macho, kisha mkiwa na viatu miguuni, maana ndivyo mtakavyolala.